Mlima Si Mtupu

Ndugu zangu waandishi chipukizi, mie wimbo huu umenichosha: eti mtu haandiki riwaya mpaka apande Uluguru, akae kimya kando ya mto, roho itakate. Wakirudi mjini wananisomea ukungu, maporomoko na ndege. Watu hamna! Utadhani ile migomba ilijipanda yenyewe.

Hebu tusemezane. Milima ile imepanda kupita mita 2,600, na kwa mila ya Waluguru ardhi yake hurithiwa kupitia ukoo wa mama. Liko pango la Kolelo, walikokwenda watu kuomba mvua tangu kabla ya Mjerumani. Hawakwenda kujitafuta, bwana. Mazao yalikuwa yanakauka. Na Mto Ruvu, unaoanzia hukohuko, ndio unaojaza ndoo zetu Dar es Salaam (siku bomba likijisikia kutoa).

Unaitaka roho ya mlima? Muulize mama anayeshuka alfajiri na ndizi kichwani kwenda soko la Morogoro: shamba ni la ukoo gani, mto umepungua kiasi gani. Riwaya yangu mie imekwama sura ya tatu, nangoja majibu ya bibi mmoja wa Matombo. Kasema nirudi baada ya mavuno.