Jehanum na Maskini Mlangoni

Jina Jehanum latoka katika bonde la Hinomu, karibu na Yerusalemu, ambako zamani watu waliwachoma watoto wao kuwa sadaka kwa Moleki, mungu wa uongo. Mfalme Yosia alilitia bonde hilo unajisi, mtu asipate kufanya hivyo tena. Baadaye jina lake likawa jina la mahali pa adhabu.

Wako Wakristo waikumbukao Jehanum wapate kuwahesabu jirani zao watakaoingia humo. Kukumbuka huko hakufai. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, yule tajiri aliyejiona katika mateso baada ya kufa hakuambiwa kwamba aliiba wala kwamba aliua. Alivaa vizuri na kula vizuri kila siku, naye Lazaro mwenye vidonda alilala mlangoni pake na njaa yake. Tajiri aliwakumbuka ndugu zake watano, lakini wakati ulikuwa umekwisha kupita.

Basi, hofu ya Jehanum isiyomfikisha Mkristo mlangoni pake mwenyewe ni hofu ya bure. Atetemekaye kanisani, kisha akamfungia mlango mwenye njaa, hajajifunza neno. Aiogopaye kweli hutenda mema leo, mchana ungalipo.