Hiyo Sifuri Mnayoiabudu

Ukitaka kuanzisha vita Voi bila kurusha jiwe, nenda steji ya Caltex jioni, useme Floyd Mayweather si bondia mkubwa kuliko wote. Utajibiwa kwa hesabu moja: hamsini kwa sifuri. Mapambano 50, ushindi 50. Ukitaja bondia mwingine yeyote, swali ni lile lile: "Huyo amepigwa mara ngapi?" Halafu kesi inafungwa.

Mimi nasema hiyo kesi haijafunguliwa hata.

Tumpe haki yake kwanza, maana wengi wanaomtukana hawajawahi kukaa chini wamtazame. Jamaa ni fundi. Mwaka 2001 alimwangusha Diego Corrales mara tano, na Corrales mwenyewe alikuwa hajawahi kushindwa. Alimpiga Oscar De La Hoya 2007, Miguel Cotto 2012, Canelo Álvarez 2013. Hao si watu wa kuokotwa gengeni. Anayesema Mayweather alikuwa anakimbia tu ulingoni hajui kazi ya kumkosesha mtu konde, raundi 12, bila kutoka mbele yake.

Lakini fundi ni kitu kimoja, sifuri ni kingine. Mwaka 2002 alipigana na José Luis Castillo, na watu kibao walioangalia waliona Castillo ndiye aliyeshinda. Majaji wakaona vingine. Walirudiana mwaka huo huo, Mayweather akashinda tena. Sasa rudi nyuma hadi Olimpiki ya Atlanta, 1996. Kwenye nusu fainali Mayweather alipoteza kwa pointi mbele ya Serafim Todorov wa Bulgaria, na Wamarekani wakalalamika rasmi kwamba wameibiwa. Bondia ni yule yule. Usiku mmoja kalamu ilimnyima, usiku mwingine ikampa. Ile ya Atlanta haihesabiki kwa sababu ilikuwa ndondi za ridhaa. Ya Castillo inahesabika. Kwa hiyo hata sifuri ina wahariri wake.

Halafu kuna suala la nani anapanga tarehe. Pambano la Mayweather na Manny Pacquiao lilianza kuzungumzwa 2009. Lilifanyika Mei 2015, Pacquiao akiwa na miaka 36. Na ile ya 50, iliyompitisha Rocky Marciano aliyestaafu 1956 na ushindi 49? Alipigana na Conor McGregor, Agosti 2017, mtu ambaye hakuwa amepanda ulingo wa ndondi za kulipwa hata siku moja. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sioni ajabu. Ajabu ni sisi, tulio mbali na hiyo ngoma, kucheza kana kwamba ni yetu.

Kwa sababu wasee, hebu tuangalie nyumbani. Ayub Kalule wa Uganda alikuwa na sifuri yake: mapambano 36, hakuna aliyemweza, na mkanda wa dunia aliouchukua Japani 1979. Juni 1981 akaenda Houston kukutana na Sugar Ray Leonard, na sifuri ikabaki huko. John Mugabi, Mganda mwingine, alipigana mara 25 na kuwazima wote 25 kabla ya mwisho. Machi 1986 alienda Las Vegas kwa Marvin Hagler, akasimamishwa raundi ya 11. Stephen Muchoki wetu alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa 1978. Alipopata nafasi ya mkanda wa kulipwa, 1982, pambano lilikuwa Copenhagen. Halikuwa Nairobi.

Unaona mtindo? Bondia wa kwetu hupewa tiketi ya ndege, hapewi chaguo. Akisema "ngoja kidogo, huyu azeeke," simu haipigwi tena. Sifuri hutunzwa na mwenye uwezo wa kukataa. Ukiifanya ndiyo kipimo, umeshawatoa mabondia wetu karibu wote kabla kengele haijalia.

Na Robert Wangila utamweka wapi? Seoul, 1988, dhahabu ya Olimpiki. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeleta dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Alipoingia kulipwa alishindwa mara kadhaa. Julai 1994 alipigana Las Vegas, akafariki baada ya pambano hilo akiwa na miaka 26. Mji ule ule ambako Mayweather alitajirika. Sasa njoo uniulize Wangila alipigwa mara ngapi.

Fatuma Zarika naye alishapoteza mapambano mengi kabla ya 2016, alipoenda Flint, Michigan, kumpokonya Alicia Ashley mkanda wa WBC. Angekuwa anaiabudu sifuri kama nyinyi, angeacha ngumi mapema sana, na mkanda huo usingewahi kutua Kenya.

Kama ni urithi wa Mayweather mnautafuta, mimi nitawaonyesha, lakini hauko kwenye rekodi. Uko mwaka 2006, alipomlipa promota wake dola 750,000 avunje mkataba, awe bosi wa jina lake. Tangu hapo yeye ndiye aliyekaa upande wa mezani unaohesabu pesa. Hicho ndicho kitu ambacho bondia wa hapa angepaswa kubandika ukutani. Promota wangapi wa kwetu wangependa hilo lifundishwe jimu?

Na ukitaja urithi, taja wote. Mwaka 2012 alikaa jela Las Vegas kwa kumpiga mama wa watoto wake. Hiyo haimo kwenye hamsini kwa sifuri, na ndiyo maana hesabu hiyo ni tamu: inasafisha kila kitu.

Mtasema ni michezo tu, nipunguze presha. Ningepunguza, kama tungeiacha sifuri ulingoni. Lakini tunatembea nayo. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hapa mtaani najua watu ambao hesabu yao juu yangu iliishia hapo. Dada akifunga kibanda chake, tunasema ameanguka. Kijana akirudi kutoka Mombasa bila kazi, tunamhesabia kama kipigo. Hatuulizi alikuwa anapambana na nini, wala nani alipanga pambano. Na bado wahenga walishatuambia: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ajabu zaidi, Taita tulikuwa tunajua kupima. Mwangeka alipigana na Waingereza karne ya 19 na akauawa. Kwa hesabu za Caltex huyo ni sifuri kwa moja. Lakini jina lake bado linatajwa huku milimani, na hakuna anayeanza kwa kuuliza rekodi.

Basi siku kijana wa Mwakingali atakaporudi kutoka pambano lake la kwanza Nairobi, jicho limevimba, msimuulize kama ameshinda. Muulizeni alipigana na nani, kwao wapi, na kama alilipwa.