KONA YA LUGHA: Mayibobo ni nani?

Mwezi huu nimeletwa na ugomvi wa robine. Mtoto mmoja alipitisha bidoni yake mbele ya mstari, mama mmoja akapiga kelele: "Muangalie mayibobo hiyi!" Kumbe mama ya mtoto alikuwa pale pale nyuma. "Mutoto wangu iko na mama, iko na kwao. Mayibobo ni nani?" Mabidoni yakaachwa, watu wakajaa.

Nilimwelewa yule mama. Neno hilo Goma na Bukavu wanalijua, na ukivuka mpaka, hapa Gisenyi mpaka Kigali, wanalijua vilevile. Ni mtoto anayelala inje. Kinshasa wanasema shege, Nairobi chokoraa. Angalieni vizuri: hakuna hata moja linalosema mtoto amefanya nini. Yanasema tu hana nyumba. Sasa umwambie hivyo mtoto anayelala chini ya shitingi, ambaye nyumba yao ilibaki Masisi! Kuruka mstari ni kosa, sikatai, lakini lina jina lake: amekosa heshima. Wenyeji wetu hapa wangesema amekosa ikinyabupfura.

Kuna mengine yanatugonganisha bila mtu kutukana. Sisi tukisema mutoto ana kichwa nguvu, ni kwamba hasikii, anaambiwa leo na kesho. Mwalimu aliyesoma Kiswahili cha Tanzania akisikia "nguvu" anaweza kufikiri unamsifu mwanao kwa akili! Yeye angesema kichwa kigumu. Naye akikuambia mwanao ni mtundu, usikimbilie fimbo. Ni msumbufu, ndiyo, anagusagusa kila kitu, lakini kule hata fundi anayefufua redio iliyokufa wanamwita mtundu. Mtukutu ni yule asiyetulia. Ila wakisema mhuni, hapo simama uulize vizuri. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, basi maneno haya watoto watakutana nayo tu.

Pale robine, mzee mmoja alimwita mtoto: "Umefanya nini?" Akajibu, "Nimeruka mustari." "Basi rudia nyuma." Akarudi. Bidoni yake ilijaa karibu saa sita.

Wale mama wawili mpaka leo hawasalimiani.