Ng'ombe Mwenye Malengelenge Asifichwe

Wako wakulima katika skimu zetu ambao, wakiona ng'ombe anatokwa na udenda na kuchechemea, humficha nyuma ya nyumba. Waogopa karantini, maana soko likifungwa, fedha za mkopo zitatoka wapi? Woga huo naufahamu, lakini hesabu yake ni mbaya. Ugonjwa wa miguu na midomo haukai nyuma ya nyumba. Huenda kwa pumzi, kwa maziwa, kwa viatu, hata kwa magurudumu ya gari. Ukishafika kwa majirani kumi, karantini itakuwa ndefu zaidi.

Ng'ombe mkubwa hafi mara nyingi, ila malengelenge ya ulimi humzuia kula na maziwa hupungua sana. Ndama ndio hufa, tena ghafula, kwa kuwa moyo hushikwa.

Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Magadi na asali hupoza kidonda tu. Chanjo ipo, nayo hukinga kwa muda wa miezi sita hivi. Lakini virusi ni vya aina nyingi, na chanjo ya aina moja haizuii nyingine. Kwa hiyo Bwana Mifugo hutaka ngozi ya lengelenge ikapimwe. Ataipataje, nawe umemficha ng'ombe?