SPIKA SI MBOVU, NI WAYA UNALEGEA

Ndugu wanaushirika,

Tumesikia maneno yanayosemwa kisimani na kilabuni, kwamba amplifaya yetu imekufa, hivyo hela za akiba zitolewe tukanunue mpya. Sisi tunakataa. Jumamosi ile tangazo la gari la pamba lilikatika katikati. Wa huku juu wakasikia, wenzetu wa bondeni hawakusikia, pamba yao ikalala nje ikanyeshewa. Hasara hiyo ni ya kweli, wala hatuwalaumu kwa hasira zao. Lakini tulipopanda ngazi kutazama spika tulikuta nini? Skrubu moja imelegea, waya umeshikwa na nyuzi mbili tu!

Tuseme ukweli: aliyefunga waya ule ni sisi wenyewe. Tuliumenya kwa meno, tukaukunja haraka haraka, tukashuka kwa kuwa jua linatua. Upepo ukitikisa, uzito wote wa waya unavuta pale pale kwenye skrubu. Itakosaje kulegea?

Basi juzi tumefunga upya. Amplifaya tuliizima kwanza, maana ncha mbili zikigusana inaweza kuungua, na hapo ndipo hela zitatoka kweli. Waya tumeufunga kwenye mlingoti kwa kamba, halafu tukauachia tumbo kidogo kabla haujafika kwenye spika. Mvuto unaishia kwenye kamba, na maji ya mvua yanadondokea pale tumboni. Shaba tuliikwaruza mpaka ikang'aa, nyuzi tukazisokota pamoja, tukazizungusha kwenye skrubu kufuata upande inaokazwa. Ukizungusha kinyume, kila ukikaza unausukuma waya nje. Kijana mmoja alitaka kuzipaka ncha risasi ya kulehemu, tukamkataza. Risasi ni laini, ikibanwa inabonyea taratibu, baada ya siku chache skrubu inacheza tena. Hata shaba tupu hulala kidogo, kwa hiyo tutapanda tena wiki ijayo kukaza, na baada ya hapo kila mwezi.

Bisibisi iko kwa mtunza ghala. Ile ya kwanza, aliyeiazima kwa ajili ya baiskeli airudishe, tunamjua.

Kuhusu wenzetu wa bondeni, rai yetu ni kwamba pamba iliyolowa ianikwe kwenye sakafu ya ghala la ushirika, na ikikauka ipimwe ya kwanza gari likirudi, kabla ya yetu. Tutaliamua jambo hili kikaoni Alhamisi, saa kumi jioni. Kikao kitatangazwa kwa spika.

Katibu