Nambari Kubwa Si Dawa

Leo nataka kuwagombeza kidogo, kwa upole, wenzangu tunaojifunza kutengeneza kurasa za tovuti.

Kuna tabia imeenea. Kitu kikifunikwa na kingine kwenye ukurasa, mtu hukimbilia z-index, ile amri ya CSS inayoamua nini kikae juu ya nini, akaipa 9999. Ikikataa anaongeza tisa nyingine. Jamani, kwani huu ni mnada?

Amri hiyo imo katika CSS tangu toleo la pili la mwaka wa 1998, na haitazami ukubwa wa nambari peke yake. Kitu cha kawaida hata hakiisikii mpaka kipewe position, kama vile relative au absolute. Nambari zikilingana, kilichoandikwa baadaye ndicho hukaa juu. Hayo ni rahisi.

Kinachotutoa jasho ni uzazi. Kitu kinachobeba vingine ndani yake huitwa mzazi, na mzazi huyo akiwa na z-index yake, watoto wote wamefungiwa humo. Nenda soko la Kalundu hapa Kitui, ama Wote kule Makueni, msimu wa maembe. Panga kreti mbili, moja juu ya nyingine. Embe la juu kabisa katika kreti ya chini bado liko chini ya kila embe la kreti ya juu. Liite 9999 ukipenda, halipandi ng'o! Inua kreti. Tena kuna kreti zinazojitengeneza kimyakimya: opacity iliyo chini ya 1 yatosha, transform vilevile. Hapo ndipo wengi hupotea, maana mzazi hana z-index yoyote ya kushukiwa.

Mtasema ni mambo madogo. Mimi nilifungua fomu ya basari kwa simu ya mama (ofisi yenyewe siitaji), nikakuta picha ya mheshimiwa imekalia kitufe cha kutuma. Yeye anatabasamu tu, na siku ya mwisho ni kesho. Ikabidi mama apande matatu kupeleka karatasi. Asiye na nauli je?

Maoni yangu ni kwamba tufundishwe kreti kwanza, nambari baadaye. Hata isolation: isolate, inayounda kreti kwa makusudi, ije kabla ya z-index. Na nambari zetu ziwe 1, 2, 3 basi.

Mwenye 9999 yake iliyogoma aje chumba cha kompyuta Ijumaa baada ya vipindi, tuitafute kreti iliyoifungia.