Mbio za Lewa Zikisha, Wakimbiaji Huenda Wapi?

Kila ufikapo mwezi wa Mei hapa Isiolo, ndugu msomaji, utawaona vijana kwa wazee, wenye viatu vipya na wenye raba za kuazima, wakihema katika barabara ya kupandia Lewa, jirani zetu. Mbio za marathoni za huko zilianza mwaka 2000, na kwa kawaida hukimbiwa mwezi wa Juni, katika njia za vumbi wanamopita faru na twiga. Ni sherehe nzuri, sina la kuitoa ila. Lakini mji wetu uko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari na Lewa ni zaidi ya 1,600. Tofauti hiyo haitaki mwezi mmoja wa pupa. Kisha ipite barabara hiyohiyo mwezi wa Julai. Utakutana na punda.

Nasema haya nami nikiwa mkosa. Miaka mitatu nyuma daktari aliniambia sukari imenipanda, akaniamuru nifanye mazoezi. Sisi wa pwani tuliohamia huku tunapenda kula, haifichiki. Nikaanza kwa kilomita kumi siku ya kwanza, kana kwamba nafukuzwa. Wiki ya tatu goti likavimba, ya nne nikawa natoa udhuru kwa kila aliyeniuliza. Mara tatu nilianza hivyo, na mara tatu nikaacha. Shauku ni mgeni wa siku mbili. Ya tatu ukimpa jembe, hutoroka.

Wapo wasemao kuwa mtu huacha mazoezi kwa kukosa hamu. La hasha! Kinachokosekana ni saa. Watazameni akina mama wauzao maziwa ya ngamia mjini hapa, ambao madumu yao hupakiwa basini kwenda Eastleigh, Nairobi. Hawajiulizi kama leo wana hamu. Basi lina saa yake, na maziwa hayangoji.

Nasi Waislamu tunayo saa ambayo hatukujitungia wenyewe. Isiolo i karibu mno na mstari wa Ikweta, kwa hiyo alfajiri yake husogea kwa nusu saa hivi tu mwaka mzima, na hata Mombasa tofauti si kubwa. Huko London, mji wa Mo Farah, jua la Juni hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na la Desemba hungoja hadi saa mbili asubuhi. Atokaye msikitini hapa kwetu amekwisha amka, amekwisha tawadha, na jua bado halijawa kali. Kilichobaki ni viatu. Mimi huenda nazo raba zangu msikitini, kwanza walinicheka.

Na Ramadhani je? Hiyo ndiyo iliyonivunja mara ya pili. Nilisema nitapumzika mwezi mmoja tu, kumbe pumzi huanza kupungua katika wiki mbili hivi. Idi ikanikuta nahema ngazini. Mwaka 2012, michezo ya Olimpiki ya London ilipoangukia Ramadhani, Mo Farah aliahirisha saumu ili ailipe baadaye, akashinda mita 10,000 na mita 5,000. Hilo ni lake na Mola wake. Mwenye sukari kama mimi na amwone daktari kwanza kabla ya kufunga, seuze kukimbia. Mimi niliruhusiwa, na sasa mwezi huo natembea nusu saa baada ya tarawehe, basi.

Eliud Kipchoge, aliyemaliza marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, ameandika mazoezi yake daftarini kwa miaka mingi. Nami nimenunua daftari la shule. Lina miezi kumi na minne bila pengo: siku nyingine dakika thelathini, nyingine kumi na tano. Siku ya mvua kubwa niliuzunguka ua wa nyumba yangu, hata mke wangu akatoka kuniuliza nimepoteza nini.